Likelemba, shirika na redio: vyombo vya raia wa Kivu tangu zamani hadi leo

Kila vita inapopita Kivu, vinavyoporwa kwanza ni vyombo: mabati, magodoro, mbuzi, kompyuta za ofisi, hata mitambo ya redio. Familia iliyokimbia mara ya tatu au ya nne inafika mahali pageni na bahasha ya karatasi na watoto. Hapo ndipo swali linazuka, kwa wakimbizi wa ndani na kwa wenyeji wanaowapokea: raia ambao hawana pesa, hawana ofisi na hawana silaha watajipanga tena kwa kitu gani?

Swali hilo si geni. Mashariki mwa Kongo, raia walikwisha kujipanga mara nyingi wakiwa mikono mitupu. Mara nyingine walishinda, mara nyingine walizikwa. Ukitazama miaka themanini iliyopita, utaona vyombo gani viliwasaidia na vipi viliwaponyoka.

Lubumbashi, Desemba 1941

Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, migodi ya Union Minière huko Katanga ilikuwa ikitoa shaba kwa wingi kwa ajili ya vita. Bei ya vitu ilipanda sokoni, lakini mshahara wa mfanyakazi mweusi ulibaki mdogo. Wafanyakazi wazungu waliungana wakadai nyongeza. Wakongomani hawakuwa na ruhusa ya kuunda sendika; ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1946, tena chini ya ulinzi wa serikali ya kikoloni.

Mwezi Desemba wafanyakazi weusi walisimamisha kazi. Tarehe 9, wengi wao walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Askari walifyatua risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake, aliuawa hapo pamoja na wengine wengi.

Watu hao walikuwa na umoja na walikuwa na msemaji. Walichokosa ni vitu vingine. Mfanyakazi wa mgodi alikaa katika nyumba ya kampuni, ndani ya kambi ya kampuni, na posho ya chakula ilitoka kwa kampuni hiyo hiyo. Siku aliyoacha kazi, aliweka mezani nyumba na chakula cha watoto wake. Hapakuwa na mfuko wa kulisha familia wakati wa mgomo, hapakuwa na wakili, hapakuwa na gazeti la kueleza nchi nzima yaliyotokea. Aliyeshika chakula chao ndiye waliyekuwa wakimdai haki. Jambo hilo litarudi mara nyingi katika historia hii, hata pale ambapo anayeshika chakula si kampuni tena bali ni mfadhili mwenye nia nzuri.

Salongo ya lazima na shirika la jirani

Baada ya uhuru, njia ya kujipanga ilifungwa kwa namna nyingine. Mobutu alianzisha chama cha MPR mwaka 1967, na mwaka huohuo sendika zote zikaunganishwa kuwa moja. Vijana waliwekwa ndani ya JMPR. Mwisho wa mwaka 1972 hata vyama vya vijana vya makanisa vilipigwa marufuku. Raia wote walihesabiwa kuwa wanachama wa MPR tangu kuzaliwa.

Hata desturi ya kusaidiana ilichukuliwa na serikali. Tangu zamani, jirani alipojenga nyumba, wenzake walikuja kukanyaga udongo. Mama alipochelewa kulima, wenzake walimsaidia, naye siku nyingine akaenda kwao. Mobutu aliifanya kazi ya pamoja kuwa amri, ikaitwa salongo. Jumamosi watu walitolewa nyumbani kwenda kufagia au kulima barabara, na asiyefika alitozwa faini au kufungwa. Kazi ilikuwa ileile, jembe lilelile, lakini hakuna aliyeulizwa kama barabara hiyo ndiyo aliyoihitaji. Watu walijifunza kuchelewa, kujificha, kutoa kitu kidogo kwa msimamizi ili jina lao lipite.

Mahali pamoja ambapo watu waliendelea kukutana kwa hiari yao palikuwa katika uwanja wa jirani. Kuanzia miaka ya 1960, maaskofu wa Kongo waliamua kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo za mtaani. Huku Kivu zinaitwa shirika. Familia chache zinakutana mara moja kwa juma nyumbani kwa mmoja wao, wanasoma Neno, kisha wanaulizana: nani mgonjwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amefukuzwa shule kwa ajili ya minervali. Kila mmoja anatoa alichonacho, na mtu mmoja anaandika katika daftari. Kwa Waprotestanti, vyumba vya kinamama na kwaya vilifanya kazi inayofanana; kwa Waislamu, watu walikutana msikitini.

Hakuna aliyeita mambo hayo siasa. Lakini ndani ya shirika mama asiyejua kusoma alijifunza kuomba neno, kumsikiliza anayepingana naye, kuchagua kiongozi na kumuuliza pesa zimeenda wapi. Miaka ishirini baadaye, siasa iliporuhusiwa, wengi waliosimama mbele ya raia walikuwa wamepitia shule hiyo.

Ardhi, na neno "maendeleo"

Tarehe 20 Julai 1973 ilitoka sheria iliyosema kwamba ardhi yote ni ya Serikali. Kuhusu mashamba ya desturi, sheria iliahidi kwamba amri ya rais ingeeleza haki za wanaoyalima. Amri hiyo haikutoka. Katika pengo hilo waliingia wenye pesa na wenye marafiki Kinshasa. Mkulima wa Kabare, wa Walungu au wa Masisi aliweza kuamka asubuhi na kuona kwamba kilima alicholima babu yake kimepata karatasi yenye jina la mtu mwingine.

Kuunda chama cha kudai ardhi ilikuwa njia ya kwenda gerezani. Basi wakulima wa Kivu walitumia neno ambalo serikali yenyewe ililipenda: maendeleo. Katika miaka ya 1980 vikundi vya vijijini viliongezeka sana. Solidarité Paysanne, ambayo Pierre Lumbi alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ilikusanya wakulima. UWAKI ilikusanya wanawake wakulima. Kwa nje ilikuwa habari ya mbegu, mbuzi wa kuzalisha, chemchemi za maji na ghala la mavuno. Lakini watu wanaokutana kugawana mbegu wanazungumza pia juu ya shamba la kuzipanda, na juu ya chifu aliyeliuza. Katika mikutano hiyo wengi walisikia kwa mara ya kwanza sheria ikielezwa kwa lugha yao.

Ndiyo sababu, tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, Kivu haikuanza kutoka sifuri. Vikundi vilikuwapo, vyenye wanachama wanaojuana. Mwaka 1991 makanisa ya Kiprotestanti huko Bukavu yalianzisha Héritiers de la Justice kufundisha haki za binadamu. Huko Butembo wakulima waliunda sendika yao, SYDIP, mwanzoni mwa miaka hiyo. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa waliandamana kudai Mkutano Mkuu wa Kitaifa ufunguliwe tena, na askari wakawapiga risasi. Mwezi Aprili mkutano ulianza tena.

Redio inayosikiliza

Mwaka 1993 mashirika ya maendeleo ya Kivu Kusini yaliweka nguvu pamoja, na Radio Maendeleo ikaanza kusikika Bukavu. Kabla ya hapo, redio ilikuwa sauti ya rais ikishuka kutoka juu. Redio ya raia ilitangaza kwa Kiswahili na kwa lugha za vijiji, tena ilikuwa na vilabu vya wasikilizaji. Kikundi cha kijiji kilisikiliza pamoja, kilijadili, kisha kilipeleka habari zake kwenye redio: daraja limevunjika, kizuizi kipya kimewekwa njiani, bei ya maharagwe imepanda.

Kwa raia asiye na gari wala simu, hicho kilikuwa chombo kikubwa kuliko pesa. Mama wa Kalehe aliweza kujua kwamba kodi anayotozwa sokoni haikuandikwa popote, kwa sababu mama wa Uvira alikuwa ameuliza swali hilo hewani. Mtu anayejua kwamba hayuko peke yake anasema kwa sauti nyingine.

Walioshika bunduki walilielewa hilo haraka. Vita ya pili ilianza tarehe 2 Agosti 1998, na mwaka 1999 waasi wa RCD waliokuwa wakitawala Bukavu waliifunga Radio Maendeleo. Ilirudi hewani baadaye, ikafungwa tena, ikarudi tena. Mitambo inanunuliwa, kitu ambacho hawakuweza kukibeba ni vilabu vilivyokuwa vimezoea kukutana.

Mji uliofunga milango

Hilo lilionekana mwaka 2000. Askofu Mkuu wa Bukavu alikuwa Emmanuel Kataliko. Aliyemtangulia, Christophe Munzihirwa, aliuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996. Kataliko alikuwa ametumikia jimbo la Butembo-Beni tangu 1966, na katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999 alisema wazi juu ya wageni na Wakongomani waliokuwa wakiipora nchi. Mwezi Februari 2000 RCD ilimzuia kukaa Bukavu na kumpeleka Butembo.

Redio ya raia ilikuwa imenyamazishwa. Hata hivyo mji ulijibu. Makanisa yaliacha kuadhimisha misa, shule zilifungwa, maduka yalibaki na kufuli. Bukavu ikawa katika siku zile ambazo watu wanaziita "ville morte". Neno lilipita kutoka parokia hadi shirika, kutoka shirika hadi nyumba, kutoka nyumba hadi sokoni. Hakuna aliyetupa jiwe ndani ya nyumba yake mwenyewe iliyofungwa, kwa hiyo askari walikosa umati wa kupiga risasi.

Lakini kufunga mji kuna gharama, na gharama hiyo haigawanywi sawa. Mwenye duka ana akiba. Mama anayeuza mihogo asubuhi ili apike jioni hana. Siku ya tatu ya mji uliofungwa inaamuliwa jikoni mwake. Hapo ndipo daftari la shirika na pesa ya likelemba vinageuka kuwa silaha ya amani, kwa sababu kikundi kinachoweza kumpa mwenzake unga wa siku mbili kinaweza kuvumilia siku mbili zaidi. Hicho ndicho wafanyakazi wa Lubumbashi walichokikosa mwaka 1941.

Kataliko alirudi Bukavu mwezi Septemba 2000, akapokewa na umati wa watu. Alifariki huko Italia tarehe 4 Oktoba, majuma machache tu baadaye. Mwaka 2002, wakati Wakongomani walipoketi Sun City, Afrika Kusini, kuzungumza juu ya mwisho wa vita, mashirika ya raia yalikuwa na viti vyao mezani, karibu na viti vya wenye silaha.

Sanduku la funguo tatu

Likelemba kila mtu anaijua. Watu kumi wanatoa kiasi kilekile kila juma, na kila juma mmoja anakula. Haihitaji sanduku wala benki, kwa sababu pesa hazilali. Udhaifu wake ni kwamba aliyekula kwanza anaweza kuhama, na anayepatwa na msiba leo huenda zamu yake ni ya mwezi ujao.

Namna nyingine, inayoitwa AVEC, ilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, pale shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini. Kutoka huko ilienea Afrika nzima na ikaingia vizuri sana Kivu. Watu kati ya 15 na 30 wanaochaguana wenyewe wananunua hisa katika kila mkutano, kuanzia moja hadi tano. Pesa zinawekwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu ambao si mweka sanduku. Kila kitu kinahesabiwa mbele ya wote. Mwanachama anakopa na kurudisha na faida kidogo. Mfuko wa jamii unakaa pembeni kwa ajili ya ugonjwa na kifo. Mwisho wa mwaka sanduku linafunguliwa na kila mmoja anapata kulingana na hisa zake.

Uzuri wake hauko katika pesa peke yake. Mama aliyezoea kuona hesabu ikifanywa mbele ya macho yake atauliza hesabu ya kamati ya shule, ya kituo cha afya, ya chifu. Na kikundi chenye mfuko wake kinaweza kutenda jambo bila kungoja mradi.

Mfano unaojulikana ulitoka katika kisiwa cha Idjwi. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimshambulia daktari Denis Mukwege nyumbani kwake Bukavu. Aliokoka, akaihama nchi. Wanawake wa Idjwi waliandika barua kwa wakubwa kuomba arudishwe salama. Walipoona jibu linachelewa, walianza kuuza mananasi na vitunguu ili wapate pesa ya tiketi yake ya ndege. Wengi wao walikuwa wakiishi kwa chini ya dola moja kwa siku. Mukwege alirudi tarehe 14 Januari 2013, na kinamama wakaahidi kumlinda wao wenyewe. Kwa hesabu ya benki, nanasi si kitu. Lakini nani angeweza kuwaamuru wanawake hao waache, wakati hakuna aliyewapa pesa hiyo?

Vijana wa Goma, na karatasi ya sheria

Mwaka 2012 pia, vijana wa Goma walianzisha LUCHA, Lutte pour le changement. Walikataa bunduki na walikataa kuwa na rais wa kudumu, ili akikamatwa mmoja kazi isife. Walianza na mambo ambayo kila mtu aliyaona: kazi kwa vijana, barabara, na maji. Goma imekaa kando ya Ziwa Kivu, lakini watoto wake wanabeba bidoni kwa saa nyingi. Kampeni ya maji ya mwaka 2014 iligusa kila nyumba. Wengi wao walifungwa. Mwaka 2016 Amnesty International iliwapa tuzo yake ya Balozi wa Dhamiri, pamoja na vijana wa Senegal na Burkina Faso.

Chombo walichokitumia mara nyingi ni karatasi. Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 25 kwamba mikutano ya amani bila silaha ni huru, na katika kifungu cha 37 kwamba raia wana haki ya kuunda vyama. Kifungu cha 26 kinasema kwamba anayetaka kuandamana anaiarifu serikali kwa maandishi. Kuarifu si kuomba ruhusa. Kifungu cha 142 kinaidai Serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Karatasi haizuii risasi. Tangu Mei 2021, hali ya dharura iliyowekwa Kivu Kaskazini na Ituri iliwapa wanajeshi uwezo wa kuzuia mikutano. Lakini kijana anayejua kifungu chake anajua la kumwambia polisi, na wakili wake anajua pa kuanzia.

Bei imelipwa kwa damu pia. Pascal Kabungulu wa Héritiers de la Justice aliuawa nyumbani kwake Bukavu tarehe 31 Julai 2005. Luc Nkulula wa LUCHA alikufa katika moto uliochoma nyumba yake Goma tarehe 10 Juni 2018. Kwa sababu hiyo kuna jambo la kuangalia. Daftari la likelemba ni kumbukumbu nzuri. Daftari lenye majina ya waliokwenda kwenye maandamano linaweza kuwa orodha ya kuwatafuta watu. Vikundi vya zamani vilijua kutofautisha: hesabu za pesa ziliandikwa, mipango mingine ilibaki vichwani.

Kinachobaki njiani

Mwezi Januari 2025 M23 iliingia Goma, na Februari ikaingia Bukavu. Kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa, na familia zikaambiwa zirudi vijijini, nyingine bila kujua kama nyumba bado ipo. Benki zilifunga milango, na pesa taslimu ikawa adimu mikononi mwa watu. Mara moja tena vikundi vilitawanyika: mweka sanduku upande mmoja, mwenye ufunguo upande mwingine, ng'ambo ya mpaka au ndani ya msitu.

Historia hii inaonyesha kwamba kikundi kilichojengwa juu ya ofisi, gari na pesa ya mradi mara nyingi kinakufa siku ofisi inapoporwa. Kinachoweza kuanza tena ni kile ambacho wanachama wake wanajuana kwa majina, wanajua kanuni kwa kichwa, na wanakumbuka nani alikuwa na hisa ngapi hata daftari likipotea. Mfadhili anaweza kuongeza nguvu, na mara nyingi ameongeza. Vilabu vya redio na masanduku ya AVEC vilipata msaada kutoka nje. Lakini msaada ulifanya kazi pale ulipokuta watu waliokwisha kukutana.

Katika mahali papya, mwanzo unaweza kuwa mdogo kama ulivyokuwa zamani. Familia tano za mstari mmoja wa mahema, au wapangaji wa uwanja mmoja, wanapanga siku moja ya juma. Mtu mmoja anaandika, mwingine anahesabu, wa tatu anashika. Mwenyeji wa mahali anakaribishwa, kwa sababu yeye ndiye anayejua chifu, maji na bei ya sokoni, na pia ili asiwaone wageni kama watu wa kuhesabiwa tu siku ya mgawanyo wa chakula. Redio moja ndogo ya betri inatosha watu kumi na tano, mradi wanaizima baada ya habari na kuulizana: hili linatuhusu namna gani, na nani atapeleka jibu letu?

Wazee waliokaa katika shirika za miaka ya 1970 hawakujua kwamba walikuwa wakiandaa mji utakaofunga milango mwaka 2000. Walikuwa wakichangia minervali ya mtoto wa jirani.